Fundo la Mama na Boksi la Reading

Mama alihama Kisiwani Desemba iliyopita, akaenda kuishi Same mjini ili awe karibu na hospitali. Miezi miwili kabla ya hapo nami nilikuwa nimehama, hapa Reading, Uingereza, kutoka nyumba ya vyumba viwili kwenda ya chumba kimoja. Nguo zangu nilizifunga kwa saa mbili na nusu, peke yangu, mlango umefungwa. Za mama zilikula siku tatu, na sikumbuki dakika hata moja ambapo chumbani mlikuwa na watu chini ya wanne.

Kwa asiyepajua, Kisiwani iko chini ya milima ya Upare ya kusini, upande wa mashariki, kwenye barabara inayotoka Same kuelekea Maore na Ndungu. Nyuma yako mlima, mbele yako tambarare ya Mkomazi. Kuna joto na vumbi. Ndiyo maana nguo za mama ni za hali mbili: kanga na madera ya huku chini, halafu masweta na mablanketi ya kupandia mlimani, Vunta au Mamba, kukiwa na msiba au harusi.

Nianze na Reading, maana maelezo yake ni mafupi. Waliokuja na gari la kuhamisha waliniletea maboksi marefu yenye fimbo ya chuma kwa juu. Unaitoa nguo kabatini na henga yake, unaitundika boksini, unafunga. Zisizotundikwa zinaingia kwenye mifuko ya plastiki inayofyonzwa hewa kwa mashine ya kusafishia zulia, mpaka rundo la masweta linakuwa jembamba kama sinia. Mkataba wa nyumba ulikuwa unaisha mchana wa siku ile ile, na mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Maboksi yale yaliniokoa, na nitayatumia tena.

Ila kabla ya kufunga kuna kuchambua, na hapo ndipo nilipoona tofauti. Ushauri unaopewa huku ni kwamba nguo ambayo hujaivaa mwaka mzima iondoke. Nilijaza mifuko minne nikaipeleka duka la hisani lililo jirani. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Karibu kila kipande nilikuwa nimejinunulia mwenyewe, kwa hiyo hakuna ambaye angeulizia kilipokwenda.

Kwa mama tulitandika mkeka katikati ya chumba, tukalivuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Ndani, majani makavu ya mwarobaini yalikuwa yametandazwa kati ya nguo kuzuia nondo, yakiwa yamekauka hata yanavunjika ukiyagusa. Mama alikaa kitako, miguu ameinyoosha, akawa anatoa doti moja moja. Kila doti aliikunjua yote, akasoma maandishi yake kimya, kisha akamtaja aliyempa. Hii ya mama mdogo, siku ulipozaliwa. Hii ya wanawake wa kikundi, tulipomzika baba yako. Hii ya wifi.

Wifi mwenyewe, yaani shangazi yangu, alikuwa amekaa pale pale mlangoni.

"Wifi, hii bado unayo?"

"Niipeleke wapi?"

Doti nyingine zilikuwa hazijakatwa, kanga mbili bado zimeshikana kama zilivyotoka dukani, wanga wake unakwaruza vidoleni. Baadhi zina umri mkubwa kuliko mimi. Kwa kipimo cha Reading zilipaswa kuwa za kwanza kuondoka, kwa kuwa hazijavaliwa mwaka mmoja wala thelathini. Lakini doti isiyokatwa ni heshima iliyowekwa akiba. Mama anajua ipi atampa nani, na kwa shughuli gani.

Chini kabisa palikuwa na kanzu ya baba. Nguo zake nyingine ziligawiwa zamani, hii ikabaki. Mama aliishika, hakusema kitu. Shangazi akainuka, akaichukua mikononi mwake, akaikunja upya mwenyewe, mikono ndani, ukosi juu, akaipiga piga kwa kiganja mpaka ikanyooka. Kisha akairudisha katikati ya shuka, ambapo haiwezi kusuguliwa na kitu. Hiyo ilikuwa nguo ya kaka yake, na hakuna mwingine pale aliyestahili kuikunja.

Kufunga kwenyewe kuna ufundi. Unatandaza shuka, unaweka mazito chini, mablanketi na masweta, halafu kanga, halafu juu kabisa kile utakachokihitaji usiku wa kwanza: kanga ya kulalia, taulo, shuka safi. Unakutanisha pembe mbili zinazotazamana, unapiga fundo, kisha pembe mbili zilizobaki zinapita juu ya fundo la kwanza. Vikombe vilifungwa ndani ya madera. Hatukununua kitu cha kufungia. Nguo zilibebwa na nguo.

Yaliyobaki yaliingia kwenye shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa plastiki wenye miraba. Shangazi yangu alikuja na miwili, na watoto wa jirani walicheka sana. Jina letu la mfuko huo nalipenda kwa sababu linamtaja anayeubeba kama mgeni anayesubiriwa. Wanigeria na Waghana wanauita Ghana Must Go, yaani Mghana lazima aondoke, tangu mwaka 1983, serikali ya Nigeria ilipowafukuza wageni wasio na vibali, Waghana karibu milioni moja wakiwa miongoni mwao. Ni mfuko ule ule. Kwa wengine umebeba kufukuzwa, kwetu umebeba shangazi.

Jambo moja lilinitia uchungu. Doti aliyonipa mama nilipoondoka mara ya kwanza niliifunga Reading kwenye mfuko wa kufyonzwa hewa, ikiwa na unyevu kidogo. Wiki tatu baadaye nilipofungua, madoa ya ukungu yalikuwa yameshika pindo. Nilikuja nayo Kisiwani, nikamwonyesha. Mama hakunigombeza. Aliifua kwa ndimu na chumvi, akaianika juani, na madoa yakafifia, ingawa hayakuisha.

Na ile mifuko minne? Maduka ya hisani huuza sehemu tu ya nguo yanazoletewa. Nyingi huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zikachambuliwa kwa madaraja, zikakandamizwa kuwa belo za kilo 45 hivi na kusafirishwa, nyingine zikienda Afrika. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuziondoa nguo hizi sokoni taratibu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, nchi nyingine zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa mavazi. Nilipopita soko la Memorial pale Moshi nilijikuta nafunua kola, natafuta koti langu la kijani. Sikulipata. Ila muuzaji aliponiuliza natafuta nini, sikuwa na la kumjibu, kwa sababu koti lile halikuwa na jina la mtu.

Mama naye alitoa nguo, msidhani hakutoa. Binti wa jirani aliyetusaidia siku zote tatu alipewa kitenge, mkononi, mama amemshika kiganja. Wa maziwa akapewa sweta. Kila mmoja aliambiwa nguo hiyo ilikotoka, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Siku ya nne kenta ikaja. Mafurushi yalipangwa juu ya godoro, yakafunikwa kwa turubai, tukakaza kwa kamba ya katani. Tulipita lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi jua likiwa limesimama, na kufika Same mafurushi yote yalikuwa mekundu kwa vumbi. Mama alifungua la kwanza, akatoa kanga ya juu, akajifunga. Haikuwa na vumbi hata chembe.

Usiku wa kuondoka kwangu alinipa doti isiyokatwa. Ilitoka kwa bibi mmoja wa mlimani, aliyeinunua kwa fedha ya tangawizi yake aliyoiuza Mamba Miamba, akamletea mama kwa miguu alipojifungua mimi. Sasa iko hapa, juu ya kiti, haijafungwa ndani ya chochote. Nimeshapata uzi wa rangi ya pindo. Jumamosi nitaikata.