Nairuzi ya Wenye Bustani: Kutoka Amu hadi Shela

Mwenye bustani wa pwani ana miaka mitatu ya kuchagua, na ule wa Januari haumfai. Januari ni kaskazi; atakayepanda mche siku hizo ataunywesha kwa ndoo hadi masika. Mwaka wa Hijria, tunaoufungia na kuuhijia, ni wa mwezi. Hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka wa jua, na Muharram huweza kuangukia mvuani au kiangazini. Ndipo wazee wakashika hesabu ya Nairuzi: siku 365, zikagawanywa kwa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikasalia tano. Jina ni la Kiajemi, na hesabu ilikuwa ya mabaharia na wakulima. Kwa kuwa haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, nayo imerudi nyuma polepole, na zama zetu huangukia Julai, kusi likivuma. Makunduchi ya Unguja huishangilia kwa Mwaka Kogwa. Huku kwetu wanaoihesabu wamebaki wachache.

Karibu na siku hiyo nilivuka kutoka Mokowe nikaingia Amu, nikiwa na haja ya kujua wenye bustani wananuia nini.

Bustani za Amu hazionekani njiani. Ziko ndani ya viwanda vya nyumba na juu ya madari, katika madebe na mitungi iliyopasuka. Bibi mmoja alinionyesha asumini zake, mashina saba, na mrehani pembeni. Nia yake ya mwaka ni kuongeza madebe matatu kwa ajili ya vikuba, akakusanye samadi ya punda (mji huu haujapungukiwa nayo, alhamdulillahi) na kuiacha ioze vizuri kabla ya kuitia. Shida yake ilinipendeza kuisikia: watu huyataka maua yake kwa mwaka wa mwezi, kwa Maulidi na Idi, ilhali mmea huchanua kwa mwaka wa jua. Huchuma vikonyo jioni kabla havijafunguka, na kila mwaka hukisia upya kama vitatosha.

Kutoka hapo nilishika njia ya pwani hadi Shela kwa miguu. Nyuma ya mji huo kuna vilima vya mchanga, na aliye mgeni huviona kuwa ni pahali pa kupigia picha tu. Vilima hivyo ndivyo kisima cha kisiwa. Mvua huzama mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Ukiteka kwa ndoo, maji hujirudisha taratibu. Ukivuta kwa pampu kwa nguvu, chumvi hupanda, na ikishapanda haishuki upesi.

Mzee aliyenikaribisha shambani mwake, mwenye umri wa kumzidi baba yangu, alinipa maji ya kisima chake nionje. Yalikuwa na chumvi kidogo, si ya kutapika, ila ndimu zake mbili zimekwisha kukauka kwa ajili yake. Ana minazi, maembe ya ngowe na shamba la jirani upande wa kusini, ambako nyumba kubwa imejengwa na pampu hunguruma mchana kutwa. Kwake hapakuwa na nia za maneno matupu. Magogo ya minazi iliyoanguka atayaondoa na kuyachoma, kwa kuwa chonga huzaana katika gogo linalooza kisha huja kutoboa minazi hai. Miche minne ya mnazi ataitia ardhini vuli ikinyesha, nayo vuli ya Amu si ya kuahidiana. Nilihesabu kimoyomoyo: mnazi wetu mrefu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Naye alikuwa amehesabu kabla yangu, akacheka.

Nia ya tatu ndiyo iliyomkosesha usingizi. Anataka kukubaliana na jirani kuwa pampu iwashwe saa mbili tu asubuhi, kisha visima vyote viwili vipumzike. Amekwenda mara moja na sinia ya maembe, akapokewa kwa adabu. Ameazimia kwenda tena kabla mwongo wa tatu haujaisha, safari hii pamoja na majirani wengine wawili ambao visima vyao vimeanza kubadilika. Nilipoagana naye, jirani alikuwa bado hajajibu, na pampu ilikuwa ikinguruma.