Nafasi Tatu, Si Nne

Usiku huo mwezi ulikuwa haujatoka, na karabai za wavuvi wa ndagala zilikuwa zimesambaa ziwani. Ndani ya nyumba moja ya Makobola watu wawili walikuwa wameinamia kompyuta moja, mmoja anaona, mwingine haoni. Anayeona, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hii, alikuwa akitafuta kosa katika programu fupi ya mistari kama arobaini, iliyotungwa kwa lugha ya Python ili kujumlisha mauzo ya duka la dada yake. Aliisoma mara tatu toka juu hadi chini. Hakuona kosa lolote, na bado programu ilikataa kazi.

Kijana aliyekaa kando yake, mtoto wa dada huyohuyo, alikuwa na kisikilizio kimoja sikioni. Alibonyeza kibodi mara kadhaa, akasita, akarudi nyuma mstari mmoja.

"Mjomba, mstari wa kumi na mbili una nafasi tatu, si nne."

Ilikuwa kweli. Katika Python nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya sarufi. Mistari iliyo chini ya sharti moja lazima ijipange sawasawa, na ikipishana hata kwa nafasi moja programu husimama. Jicho hupita juu ya nafasi moja bila kuihesabu. Sikio linaloambiwa idadi yake kwa kila mstari haliwezi kuipita.

Miaka michache kabla ya hapo, mwandishi alikuwa amemshauri dada yake amtafutie mtoto ufundi mwingine, maana kompyuta ni kazi ya macho. Alisema hivyo kwa mapenzi, na alikosea kabisa.

Makobola iko kusini mwa Uvira, kwenye barabara inayofuata ufuko wa Tanganyika kuelekea Baraka, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Ulimwengu ukilitaja jina hilo, mara nyingi hulitaja kwa sababu ya mauaji yaliyoanza tarehe 30 Desemba 1998 na kuingia siku za kwanza za 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 ilisema waliouawa hapa na katika vijiji vya jirani walizidi 800. Waliokimbia waliporudi walianza na paa, kisha shamba, kisha shule. Katika mpangilio huo mtoto asiyeona hakuwamo kwenye hesabu ya mtu yeyote isipokuwa mama yake.

Alipelekwa shule akakaa darasani akisikiliza. Nukta nundu, maandishi ya vidole aliyoyabuni Louis Braille huko Ufaransa katika miaka ya 1820, hazikumfikia. Hapakuwa na kitabu chake wala mwalimu wake. Kilichomfikia ni redio, naye aliwajua watangazaji kwa sauti kama wengine wanavyojuana kwa sura. Watu wa ufukweni hawakushangaa sana, kwa kuwa mvuvi wa usiku naye humtambua mwenzake kwa mlio wa kasia kabla taa haijamfikia.

Wakati huo kompyuta zinazosema zilikuwapo, ila mbali na kwa bei isiyogusika. Mwaka 1984 kampuni ya Digital ya Marekani ilitoa DECtalk, sanduku la kugeuza maandishi kuwa sauti, lililotokana na utafiti wa Dennis Klatt wa MIT. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola. Programu za kusoma skrini zilizofuata, kama JAWS aliyoianzisha Ted Henter, mwenyewe asiyeona, ziliuzwa kwa mamia ya dola. Afadhali ya kweli ilikuja mwaka 2006, vijana wawili wa Australia wasioona, Michael Curran na James Teh, walipoanza kujenga NVDA na kuitoa bure.

Makobola mlango ulifunguliwa na simu. Ilikuwa simu ya Android ya mkono wa pili, kioo kimepasuka pembeni, na ndani yake, katika mipangilio ambayo wenye macho hawaifungui, mlikuwa na programu iitwayo TalkBack. Ukigusa kitu, simu inakisema. Ukigusa mara mbili, kinafunguka. Mpwa alijifunza kwa siku chache, kisha akaanza kuuliza maswali ambayo mjomba hakuwa na majibu yake. Nani aliyeifundisha simu kusema? Je, mtu huyo anaona?

Jibu lilichukua muda kupatikana, na lilipopatikana lilibadilisha mazungumzo ya nyumba nzima. TalkBack ilianzia Google mwaka 2009, kazi ya Charles Chen na T. V. Raman. Raman haoni. Alizaliwa India mwaka 1965, akapoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 14 kwa ugonjwa wa glakoma. Alisoma hisabati Pune, akaendelea katika taasisi ya teknolojia ya Bombay, akapata udaktari Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1994. Tasnifu yake ilihusu jinsi ya kuisomesha kompyuta hesabu ngumu kwa sauti bila msikilizaji kupotea katikati ya mabano. Programu aliyoijenga kwa kazi hiyo aliiita AsTeR, jina la mbwa aliyekuwa akimwongoza njiani.

Kisha, mwaka 1995, Raman alitoa Emacspeak.

Hapa mwandishi anaomba subira ya msomaji, kwa sababu ndipo ulipo moyo wa habari yenyewe. Kisoma-skrini cha kawaida ni kama mtu aliyesimama nje ya duka, akikutajia kupitia dirishani vitu anavyoviona kwenye rafu. Atakuambia kuna kopo jekundu, kando yake kopo jeupe. Bei haijui, wala hajui kwa nini makopo hayo yamewekwa pamoja. Raman aliona haitoshi. Alitaka mwenye duka ndiye aseme.

Aliweza kwa sababu ya Emacs, programu ya kuandikia iliyoanza MIT mwaka 1976, ambayo Richard Stallman aliitoa upya mwaka 1985 kama GNU Emacs, huru kwa yeyote kuifungua na kuibadili. Lugha yake ya ndani, aina ya Lisp, ina njia ya kuiongezea amri yoyote kazi nyingine bila kugusa amri yenyewe, na jina la njia hiyo kwa Kiingereza lina maana ya nasaha. Raman alizipa amri za Emacs nasaha. Wewe unayesogeza mshale hadi mstari unaofuata, sogeza kama kawaida yako, kisha useme mstari huo. Wewe unayefuta herufi, taja unachofuta. Kwa hiyo sauti inajua kinachosomwa. Maelezo ya pembeni yaliyomo kwenye programu husemwa kwa sauti tofauti na amri zenyewe, na faili ikihifadhiwa husikika mlio wake mfupi.

Mfano ambao Raman mwenyewe hupenda kuutoa ni wa kalenda. Kisoma-skrini kikiikuta kalenda husoma safu ya tarakimu, moja, mbili, tatu, nne, na msikilizaji abaki kuhesabu kwa vidole ni siku gani ya juma. Emacspeak husema tarehe nzima pamoja na siku yake. Mpwa alipojifunza amri hiyo hakuanza na siku yake ya kuzaliwa. Alirudi nyuma hadi 30 Desemba 1998, na sauti ikamwambia ilikuwa Jumatano. Alikuwa ameisikia tarehe hiyo maisha yake yote kwa wakubwa, na hakuna aliyewahi kumtajia siku. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele, alisimamisha mkono. "Ndiyo," akasema. "Jumatano."

Kabla ya kufika hapo, kuisimika Emacspeak hakukuwa rahisi. Kompyuta ilikuwa ya zamani, gigabaiti mbili za kumbukumbu, betri isiyodumu. Faili zilipakuliwa Uvira mjini na kuletwa kwa flashi, kwa kuwa intaneti ya kifurushi cha simu ingemaliza pesa ya wiki. Emacs ikafunguka vizuri, maandishi meupe juu ya giza. Ikanyamaza.

"Mjomba, mbona haisemi?"

Ilinyamaza siku nzima, na kesho yake pia. Sababu ilikuwa ndogo. Emacspeak haitoi sauti yenyewe. Huituma kwa programu nyingine ndogo, iliyoandikwa kwa lugha ya Tcl, na hiyo ilihitaji kifurushi kiitwacho TclX ambacho hakikuletwa. Safari ya pili ya Uvira ilikileta. Ikabaki mistari miwili katika faili za mipangilio, mmoja wa kutaja sauti itakayotumika, mwingine wa kuiamsha Emacspeak kila Emacs inapofunguliwa. Jioni ya siku ya tatu kompyuta ilisema. Mpwa alibonyeza Kontroli na e, kisha l, amri ya kusoma mstari ulipo, akaibonyeza tena na tena kwenye mstari uleule, na hakuna aliyemkataza.

Sauti yenyewe ni ya eSpeak, kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington, aliyeianza mwaka 1995 kwa kompyuta ndogo za Acorn. Tangu 2015 inaendelezwa na wengine kwa jina la eSpeak NG. Si sauti tamu. Ni kavu, kama bati. Lakini ni ya megabaiti chache tu, haihitaji intaneti, na hata ikiharakishwa sana maneno hayachanganyikani. Kwa kawaida huanza na maneno 175 kwa dakika, na baada ya miezi michache kijana alikuwa amekwisha kuvuka mara mbili ya kasi hiyo. Mjomba akisikiliza husikia mvua juu ya bati. Mpwa husikia mabano.

Na inasema Kiswahili. Jambo hili halikuwashangaza wanaojua jinsi sauti za aina hii zinavyotengenezwa. Kiswahili kina irabu tano, huandikwa kama kinavyotamkwa, na mkazo karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni chache zinatosha, wakati Kiingereza kinadai orodha ndefu ya maneno yasiyofuata kanuni. Shida ilikuja kwenye programu zenyewe, ambazo maneno yake ni ya Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ikikutana na neno else hulitamka lote kama lilivyoandikwa, na else ikisomwa hivyo haisahauliki. Kijana alikataa kubadilisha. Alisema akisikia matamshi hayo anajua papo hapo herufi zilizomo, na hakosei tahajia.

Mabadiliko ambayo mwandishi anayathamini kuliko yote yalikuja mwaka mmoja baadaye, kompyuta ile ilipoharibika diski na nyingine kupatikana. Mjomba alikuwa safarini. Debian, mfumo uliotumika, tangu toleo la 7 la mwaka 2013 unaweza kusimikwa kwa sauti tangu mwanzo. Mashine ikiwashwa na flashi yake, husikika mlio, na anayesimika hubonyeza herufi s kisha kitufe cha kuingiza. Kuanzia hapo kila swali linasomwa. Kibodi ya kompyuta mpya ilikuwa ya mpangilio wa Kifaransa, na a na q zimebadilishana mahali, lakini s iko palepale katika kibodi zote mbili. Mjomba aliporudi alikuta Emacs inasema. Hakuna mwenye macho aliyeigusa, na TclX ilikuwamo.

Yanayotokea Makobola hayako peke yake. Nchini Kenya, shirika la inABLE lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009 lilianza kwa kuweka maabara za kompyuta katika shule ya wasioona ya Thika, na wanafunzi wa huko wamejifunza kutunga programu. Wasioona wengine leo wanatumia programu ya kuandikia ya Visual Studio Code pamoja na NVDA, na wanafanya kazi nzuri. Mwandishi hana ugomvi na njia hiyo. Ila kwa kompyuta kuukuu, umeme wa paneli ya jua na intaneti ya kupimiwa, hajaona kinachoishinda Emacspeak, ambayo Raman ameendelea kuitunza kwa miaka thelathini, matoleo yake mengi yakibeba majina ya mbwa.

Kanuni za Kiswahili cha eSpeak ziko katika faili mbili za maandishi ya kawaida, sw_rules na sw_list, na yeyote anaweza kuzifungua na kupendekeza masahihisho. Mpwa amezifungua. Alitafuta pia faili za Kibembe, lugha ya bibi yake, akakuta hazipo. Kibembe ni lugha ya toni, kwa hiyo kazi yake itakuwa ndefu kuliko ya Kiswahili. Kijana ameanza kukusanya orodha ya maneno na matamshi, kwa kuwauliza wazee mmoja mmoja na kuwarekodi kwa simu. Anayekijua vizuri Kibembe, awe Fizi, Uvira, Kigoma au ng'ambo, na aanze na bibi yake leo, kwa maana hata neno moja lililorekodiwa sawasawa ni mstari mmoja katika faili ya Kibembe.