Visheti vya bibi sasa vina vipimo

Miaka mitatu mfululizo nilinunua visheti vya Idi, nikisema kazi ni nyingi. Mwaka huu mama yuko kwetu. Tangu apate kiharusi mkono wake wa kulia hauna nguvu, na mapishi yote yamo kichwani mwake.

"Mama, sukari kiasi gani?"

"Kiasi chake, mwanangu."

Binti yangu wa miaka 9 akaleta kikombe na daftari. Kila nilichotaka kutia, tulipima kwanza: unga wa ngano vikombe 3, samli robo kikombe, tui la kukandia. Shira ni sukari vikombe 2, maji kikombe 1 na iliki.

Mara ya kwanza niliepua shira mapema, visheti vikanata. Mama akacheka.

"Chota kidogo kwa kijiko, ipoe, ibonyeze kwa vidole viwili. Ikivuta uzi, tia visheti, ugeuze mpaka sukari igande nyeupe."

Vya pili viliganda. Mama akaonja. "Hivi ndivyo."

Binti akaandika juu ya ukurasa: Visheti vya bibi.

Mzazi mwenzangu, usingoje Idi ijayo. Mwulize mama yako leo, ukiwa na kikombe mkononi.