Kamera Kuukuu na Kanzu Nyeupe

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Wahenga hawakuitunga methali hii kwa ajili ya vifaa vya kielektroniki, lakini ni vigumu kupata uwanja unaoithibitisha zaidi. Nikon ilipoitangaza kamera yake ya dijiti iitwayo D70, Januari 2004, wapenzi wa picha waliipokea kwa bashasha: kamera ya kioo, yenye lenzi za kubadilisha na pikseli milioni 6.1, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kati aliweza kuifikia. Miaka michache baadaye zikaja nyingine zilizoipita, na leo simu ya mfukoni ina pikseli nyingi kuliko hizo. D70 imeishia kwenye rafu za vitu vya mtumba, na anayeinunua hununua pamoja nayo mazoea ya mtu asiyemjua.

Mmoja wa wanunuzi hao ni mhasibu wa Muscat, aliyezaliwa huko na wazazi waliohamia kutoka Unguja katika miaka ya 1970, pale Oman ilipowafungulia mlango watu wenye asili yao huko. Alikuwa na haja moja tu: kumpiga picha mama yake, aliyekwisha kupita miaka 80. Picha za simu alikuwa nazo kwa mamia. Katika hizo, bimkubwa aling'arishwa uso, akalainishwa mashavu na kuondolewa mikunjo aliyoichuma kwa umri wake wote. Alipooneshwa mojawapo aliitazama kwa muda, kisha akauliza, “Huyu mtoto wa nani?” Wajukuu walicheka. Mwanawe hakucheka, kwa kuwa rangi ya maji ya kunde aliyomjua nayo mama yake haikuwamo katika picha ile.

Siku za mwanzo za kujuana na kamera zilikuwa za ukaguzi. Picha inayotoka katika D70 hubeba ndani yake hesabu ya mara ambazo shata imefunguka, kama kilomita za gari, na zipo programu za kompyuta zinazoisoma. Alipiga picha ya mbingu tupu kwa mwanya mdogo wa f/22, kwani vumbi lililotua mbele ya kihisi huonekana hapo kama madoa ya kijivu, nayo kamera ya umri huu haina mtambo wa kujikung'uta. Alilipuliza kwa pampu ya mpira, si kwa kinywa, maana pumzi ina unyevu. Akachungulia pia chumba cha kadi: kadi za CompactFlash hukaa juu ya sindano nyembamba, na sindano moja ikipinda huweza kuifanya kamera nzima isifae.

Ukaguzi ukaisha, kamera ikaonekana nzima. Ijumaa moja alimkalisha mama yake kibarazani, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na mjukuu aliyevaa kanzu akiwa ubavuni pake. Picha ilitoka na ukuta wa kijivu, kanzu ya kijivu, na uso wa bimkubwa umezama gizani. “Mwanangu,” alisema mama, “ile simu ilinifanya mtoto, na hii imenifanya kivuli.”

Kamera haikuwa mbovu. Kipima mwanga cha D70 hutazama mandhari kwa pikseli 1,005 na kulinganisha kinachokiona na mifano iliyohifadhiwa ndani yake. Hata hivyo, chini ya ufundi huo ipo dhana iliyorithiwa kutoka enzi za filamu: kwamba mandhari ya kawaida, ukiyachanganya pamoja, hutoa kijivu cha wastani. Kikikutana na ukuta mweupe, kipimo hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Kikikutana na buibui jeusi, hudhani mwanga haukutosha, kikauongeza, na buibui likatoka limepauka kama lililofuliwa mara mia. Katika mji ambao wanaume huvaa nyeupe na wanawake wengi nyeusi, dhana hiyo hukosea karibu kila siku ya sikukuu.

Dawa yake ni kitufe kidogo chenye alama za kujumlisha na kutoa, jirani na kitufe cha kupigia picha. Kila hatua moja ya kujumlisha huongeza mwanga mara mbili. Kila hatua ya kutoa huupunguza kwa nusu. Mhasibu alifanya alichokizoea kazini, akafungua daftari. Ukuta wa chokaa na kanzu: ongeza hatua moja na nusu. Mabuibui matatu pamoja: punguza hatua moja. Uso wa mama dirishani asubuhi: pima uso peke yake, usahau dirisha. Kioo cha nyuma, chenye upana wa inchi 1.8, hakikumsaidia sana, kwani juani kila picha huonekana nyeusi. Akajifunza kusoma grafu ya mwanga badala ya kukiamini kioo.

Kisha ikaja lenzi ya marehemu baba yake, ya milimita 50, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kamera ya filamu. Kamera za kioo za Nikon zimeshikilia umbo lile lile la kiungo cha lenzi tangu 1959, kwa hiyo ilikaa mahali pake bila shida. Lakini lenzi isiyo na saketi za umeme huifumba D70 macho: kipima mwanga hunyamaza kabisa, na mpigaji hubaki na jua na akili yake. Kanuni ya kale ikawa msaada: penye jua kali, weka mwanya wa f/16, na kasi ya shata ilingane na namba ya ISO. Kwa ISO 200, kasi ni sehemu moja ya 200 ya sekunde. Kivulini penye anga wazi, fungua mwanya hadi f/4.

Ujuzi huu haukuwa mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Wapigaji picha wa Mji Mkongwe, katika studio kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, walifanya kazi kwa filamu iliyogharimu pesa na isiyoonesha kosa hadi isafishwe. Walilazimika kujua uso ulioketi mbele yao kabla ya kufungua shata. Mhasibu alimkalisha mama yake ndani kidogo ya mlango, kivulini, akapima kwa macho, akapiga. Kwa kuwa kihisi cha D70 ni kidogo kuliko filamu, lenzi ile ilimleta karibu kama ya milimita 75, umbali unaofaa kwa uso wa mtu. Picha ilichapishwa kwa sentimita 25 kwa 17, ukubwa ambao pikseli milioni 6 zinautosheleza. Bimkubwa aliitazama, akamwagiza mjukuu aandike nyuma jina lake na tarehe.

Si kwamba kamera kuukuu ni bora kuliko simu. Katika ukumbi wa harusi usiku, kwa ISO 1600 ambayo ndiyo kikomo chake, D70 hutoa picha zenye chembechembe, na shangazi aliyeko Birmingham hawezi kutumiwa picha mpaka kadi ifike kwenye kompyuta. Tofauti iko penye uamuzi. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha za rangi zilipokea kutoka Kodak kadi ya kupimia yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Sura hiyo ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Nyuso nyeusi zikatoka zilivyotoka. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada amelichambua jambo hilo kwa kina. Simu inayomng'arisha bibi kizee nayo imebeba uamuzi wa mtu wa mbali kuhusu uso upi unapendeza, na uamuzi huo haukuandikwa popote ambapo bibi angeweza kuusoma. D70 pia ina dhana yake, lakini ni moja, inajulikana, na inapingika kwa kidole kimoja.

Shata ya kamera ile itachoka siku moja, na huenda kuitengeneza kukagharimu zaidi ya kununua nyingine. Daftari litabaki. Mjukuu amekwisha kulinakili, na sasa hata anaposhika simu huizima kwanza ile kazi ya kulainisha nyuso, akagusa uso wa bibi yake kiooni, akashusha mwanga taratibu mpaka maji ya kunde yarudi.