Baki Kuwa Ndugu Yake

Mwanangu,

Nakuandikia wakati mkono wangu bado unaitii kalamu, kwa maana daktari hakunificha habari ya moyo wangu, nami sitaki kukuficha wewe. Mvua ya usiku imelowesha lupango lote, kiwanja chetu chote. Mdogo wako anafagia majani ya mwembe, polepole, kama mtu anayeagana na kila jani, nami nimeketi barazani namtazama nikijua kwamba siku si nyingi kazi hii ya kumtazama itakuwa yako. Mali ya kukuachia sina. Mshahara wa mwalimu wa Kisangani unaujua. Ninalo neno moja tu, nililolinunua kwa bei kubwa, na nakuomba ulisome bila haraka, na siku utakapoteleza ukalisahau, kwa maana utateleza kama nilivyoteleza mimi, ulirudie bila kujihukumu.

Matanga yakiisha, wazee wa ukoo watakuita wakuambie: sasa wewe ndiye baba yake. Watasema kwa nia njema, ndiyo desturi yetu, nawe uwape heshima yao. Lakini mimi niliyekuwa baba yake nakuomba jambo lingine. Usiwe baba yake, mwanangu. Baki kuwa ndugu yake.

Unakumbuka mwanzo wa ugonjwa wa mdogo wako ulivyokuwa. Alikuwa na miaka 21, yuko mwaka wa pili chuo kikuu, akaanza kukosa usingizi, akaziba dirisha kwa gunia, akakataa chakula cha marehemu mama yenu akisema kimetiwa kitu, akawa anawajibu watu ambao sisi hatukuwaona. Majirani wakagawana sababu. Mmoja alisema ni bangi, mwingine akasema amerogwa kwa wivu wa masomo, mwingine akakumbusha mabomu ya zile Siku Sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu na mama yenu akalala chini ya kitanda akiwa na mimba changa ya mdogo wako. Na mimi niliyefundisha watoto wa watu kusoma nikafanya kama asiyejua herufi. Nilimpeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfunga mguu kwenye nguzo, wakamfungisha siku tatu bila kula, nami nikakubali kwa sababu niliona aibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha maradhi ya mwanangu kwa miezi minane. Lile kovu kwenye kifundo cha mguu wake, kila ukiliona, usimtafute mchungaji wa kumlaumu; miguu iliyompeleka pale ilikuwa yangu.

Sikuambii uache kusali. Msalie asubuhi na jioni, na akitaka kwenda kanisani mfuate. Sala na dawa hazijawahi kugombana. Wanaogombana ni watu. Lakini akitokea mtu wa kumfunga kamba, wa kumnyima chakula au wa kumwambia atupe vidonge ili aonyeshe imani, mtoe mlangoni kwa adabu na usimrudishe.

Nilipompeleka hospitali mwishowe, walimpima damu kwanza, wakatafuta malaria iliyopanda kichwani, malale, kaswende na virusi vya Ukimwi, kwa kuwa yote hayo yanaweza kumvuruga mtu akili. Hayakuwapo. Ndipo daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake, skizofrenia, akatuambia kwamba Shirika la Afya Duniani wakati ule lilihesabu watu wapatao milioni 24 walioishi nao, mtu 1 katika kila 300, na kwamba hupenda kuanza katika umri ule ule ambao kijana anaanza kujenga maisha. Damu ya ukoo inachangia, misukosuko inachangia, bangi inachangia, na hakuna hata kimoja kinachobeba lawama peke yake. Basi ukisikia watu wakitafuta mchawi, fahamu kwamba katika mji wenye watu zaidi ya milioni kama huu, wenzake ni maelfu, na wengi wao wamefichwa nyuma ya mapazia.

Alirudi kutoka hospitali jioni moja juu ya baiskeli ya toleka, begi amelikumbatia kifuani, nami nikadhani vita vimekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mtoto aliyeshuka kwenye baiskeli ile hakuwa yule tuliyemjua: uso haukunjuki, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, mate yanalowesha mto, analala hadi saa sita mchana. Nikayaita yote hayo uvivu. Kumbe sehemu ya yale ilikuwa Haldol, dawa iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1958, ambayo huzinyamazisha sauti lakini huweza kuukaza mwili, na sehemu nyingine ilikuwa uchovu wa ugonjwa wenyewe, kama mtu aliyetoka msituni baada ya kukimbia kwa miezi. Ningeuliza, ningeambiwa mapema kwamba kutetemeka kuna dawa yake, kwamba kipimo kinaweza kupunguzwa, kwamba shingo ikijikunja au macho yakigeuka juu unamkimbiza hospitali siku hiyo hiyo. Sikuuliza. Nilipiga kelele.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa nageuza godoro lake ili nilianike juani, niliona mshono umefunguliwa, na ndani, kwenye sufi, vidonge 19. Nilivikusanya mkononi, nikaenda nikamrushia usoni, nikamwambia kwamba ni yeye aliyemuua mama yenu kwa majonzi. Hakujibu. Aliinama akaviokota kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza kwa mstari ulionyooka, akatoka nje. Majuma matatu baadaye tulikuwa tumemrudisha hospitali, haninyooshei hata mkono wa salamu. Vidonge vilivyokosekana vilimwangusha, hilo ni kweli. Lakini ulimi wangu nao ulimsukuma. Jeraha la kisu hufunga mwanangu, la ulimi hubaki wazi.

Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alinikuta nikilia kwenye ukumbi akaketi karibu nami. Akanieleza kwamba huko London, katika miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za wagonjwa wa akili ili waone nani anadumu nje na nani anarudi wodini. Walikuta kwamba waliorudi kwa wazazi wao au kwa wake zao walianguka zaidi kuliko waliokwenda kukaa na ndugu zao au katika vyumba vya kupanga. Walipochunguza tena kwa miaka, wakaona kwamba chanzo cha kuanguka hakikuwa uzazi wala ndoa bali yale yanayosemwa ndani ya nyumba: lawama za kila siku, uhasama, na ule upendo unaomkalia mtu kifuani hadi asipumue. Hawakusema kwamba familia ndiyo iliyouleta ugonjwa. Walisema kwamba akili iliyotoka kuungua haiwezi kustahimili joto jingi. Kisha yule mama akanishika mkono: "Mzee, unampenda sana. Mpende kwa sauti ndogo."

Ndiyo maana nakuambia ubaki kuwa ndugu. Baba anamwona mtoto wake kama shamba alilolipanda, na kila jani linalonyauka analichukua kama aibu yake mwenyewe. Ndugu hakumpanda mwenzake, basi anaweza kuketi kando yake bila kumdai mavuno. Ndugu haulizi mara tano kwa siku kama vidonge vimemezwa. Wanapatana saa ile ile kila siku, mahali pale pale, na kama kumeza kila siku kunamshinda, wanakwenda pamoja kumwuliza daktari habari ya sindano inayokaa mwilini majuma kadhaa. Ndugu hasemi "umepona, sasa acha dawa", kwa kuwa anajua mtu anaonekana mzima kwa sababu ya ile dawa, na kupunguza au kuacha ni shauri la daktari. Ndugu hasubiri chupa iishe ndipo atafute franka.

Na sauti zitarudi siku nyingine, hata akiwa anakunywa dawa. Usibishane nazo, usizikubali pia. Akikuambia watu wako juu ya bati wanamtaja jina, usimcheke wala usipande juu kutafuta; mwambie, "Mimi siwasikii, lakini naona unaogopa, niko hapa." Maneno hayo nilichelewa kuyajifunza, nayo yametuokolea usiku mwingi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndani ya sanduku langu la bati kuna karatasi ya dalili niliyoiandaa pamoja naye, akiwa na akili timamu, kwa mwandiko wake mwenyewe: usiku mbili bila usingizi, kuziba dirisha, kuacha kuoga, kunusa chakula kabla ya kula. Ameandika pia nani aitwe kwanza na nani asiitwe kabisa. Ukiziona dalili mbili, mwonyeshe karatasi yake, mwende hospitali kwa miguu yenu, kabla hamjafika mahali pa kwenda kwa kamba. Pombe ya lotoko na bangi vikae mbali na nyumba, na wewe uwe wa kwanza kuviacha, kwa sababu hatasikia unachosema akiona unachokunywa.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Akili inaporudi, inarudi na macho, na mtu anaona alichopoteza: wenzake wamemaliza chuo, msichana aliyempenda ameolewa, jina lake mtaani limekuwa la kutishia watoto. Miezi ile ya kwanza ni ya huzuni nzito, na wengine huifikia nia ya kujiua. Ukimwona anagawa vitu vyake, au anasema hana maana, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpi wazo, linampa mlango. Usimwache peke yake siku hiyo, ondoa karibu naye dawa nyingi, kamba na sumu, umfikishe kwa daktari.

Mpe pia kazi, ndogo lakini ya kweli. Mwaka 1954, kule Abeokuta nchini Nigeria, Dkt. Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa wake katika nyumba za wanakijiji badala ya kuwafungia, kwa kuwa alijua mtu hupona akiwa katikati ya watu. Mdogo wako sasa anaziba pancha kwa fundi baiskeli pale Mangobo, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi. Usimhimize zifike nane. Anaporudi na mafuta mikononi na kuinunulia nyumba chumvi, anakula lituma yake ya ndizi kama mwenye nyumba.

Wala usibebe peke yako. Watu watakupa mashauri mepesi, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini usiku watalala kwao. Usimwachie mkeo kazi yote kwa kuwa ni mwanamke. Yeye hakuzaliwa na mtu huyu, amempokea, mshukuru mbele za watu. Pangeni zamu na dada zenu. Nenda kwenye mpira wako Jumapili, cheka na rafiki zako. Hutakuwa umemtupa, utakuwa umechota maji ya kurudi nayo.

Aliporudi kutoka hospitali mara ya pili nilimchukua tukaenda kwenye maporomoko ya Wagenia, tukaketi juu ya mwamba. Unawajua wavuvi wale: husimika miti mikubwa kwenye matundu ambayo maji yenyewe yaliyachimba katika jiwe, huifunga kwa kamba za msituni, kisha huteremsha vikapu vyao vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba ndani ya maji yanayonguruma. Kikapu cha kwanza kilipanda kitupu. Cha pili kitupu. Mdogo wako, ambaye hakuwa amesema neno kwa siku nne, akauliza, "Baba, kikitoka kitupu wanafanyaje?" Nikamjibu, "Wanakirudisha majini." Alinyamaza sana, halafu akaegemeza bega lake kwenye bega langu, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mtoto. Sikumuuliza dawa, sikumuuliza kesho. Nadhani siku ile, kwa mara ya kwanza, nilikuwa ndugu yake.

Tangu hapo, kila saa mbili usiku, huja na vikombe viwili vya maji. Kimoja cha vidonge vyake, kimoja cha vidonge vya moyo wangu. Husema, "Baba, tunywe," nasi tunakunywa pamoja, na mara nyingine ni yeye anayenikumbusha mimi. Wewe, namshukuru Mungu, huna dawa ya kunywa. Basi nitakapokuwa sipo, jaza vikombe viwili hivyo hivyo, mpe chake, nawe unywe maji yako kando yake.

Mungu akupe kifua kipana, mwanangu. Nilikupenda kabla hujajua kutembea, na kuteleza kwako hakutapunguza.

Ni mimi, baba yako.