Siri ya Mtungi

Maradhi ni mgeni asiyepiga hodi. Huingia nyumba ya tajiri na ya maskini, ya msomi na ya asiyejua kusoma, wala hangoji kukaribishwa. Habari za maradhi ni jambo jingine. Hizo zina mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuzifungulia mlango.

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huzama mtungini kila siku. Huujua mtungi ukijaa na ukipungua, wala haijapata kusikika ikiusimulia kisimani. Tabibu ni kata. Mgonjwa humwambia mambo asiyomwambia hata mamaye mzazi, kwa kuwa anaamini kwamba neno litabaki pale liliposemwa. Siku atakapoishuku imani hiyo atanyamaza. Na mgonjwa anyamazaye mbele ya tabibu aghalabu hutibiwa maradhi asiyo nayo.

Katika chuo kikuu cha Kenya ninakofundisha, zahanati ilinipa hati ya kupumzika kwa majuma matatu. Hati ilitaja siku, na chini yake ikautaja ugonjwa kwa jina. Karani wa idara, katika kuwaarifu walimu ni nani watakaoshika vipindi vyangu, aliipeleka hati nzima kwa barua pepe kwa kila mmoja wao. Hakukusudia ubaya. Jioni ile nilianza kupokea pole, na keshoye nilipokea majina ya mitishamba kutoka kwa watu tuliojuana kwa salamu tu. Niliporudi kazini, wanafunzi wangu wawili wa uzamili walikuwa wamepewa msimamizi mwingine, kwa huruma, ili nisichoke. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Nilipoazimu kupeleka lalamiko, mwenzangu mmoja alinizuia kwa upole. “Mwalimu,” alisema, “watu wamekupa pole, nawe utawalipa mashtaka? Hujui kwamba mficha maradhi kifo humuumbua?” Nilimjibu kwamba methali ile humwamuru mgonjwa amwendee mganga, haimwamuru aende sokoni. Desturi yetu ya kumzuru mgonjwa ni njema, na Mungu asituondolee, lakini huanza kwa mjumbe aliyetumwa na nyumba ya mgonjwa. Hisani isiyo na mjumbe huwa kama mgeni aingiaye chumbani na zawadi mkononi: zawadi ni nzuri, lakini mlango ameuvunja.

Nilikuwa na nguzo mbili za kuegemea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humhakikishia kila mtu kwamba habari za jamaa yake na za faragha yake hazitadaiwa wala kutangazwa pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu hali ya afya kuwa miongoni mwa habari nyeti, na humruhusu aliyedhulumiwa kumwendea Kamishna wa Data kwa maandishi au kwa mdomo. Lisemwalo kwa mdomo hapana budi liandikwe, na lalamiko lichunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Nilifurahi kuona kwamba sheria imemkumbuka na asiyejua kuandika.

Lakini lalamiko la namna hii lina mtego. Atakaye kuonyesha kwamba siri yake imetolewa huvutwa kuitaja, na kila aitajapo huitoa tena. Barua ya chuo hupita masjala, hugongwa muhuri, hushikwa na makarani wawili watatu kabla ya kumfikia mwenye kuamua. Basi niliandika kurasa mbili nisiutaje ugonjwa hata mara moja. Nilitaja tarehe, saa, idadi ya walimu waliopelekewa, na mambo matatu niliyoyataka: barua ile ifutwe, wanafunzi waulizwe kama wapenda kurudi, na hati za zahanati ziendazo idarani zitaje siku tu. Hati yenyewe niliitia katika bahasha iliyofungwa.

Chuo kilinijibu, nami sikuhitaji kufika kwa Kamishna. Sasa hati za zahanati hutaja siku za kupumzika, basi. Mwanafunzi mmoja alirudi. Wa pili alikuwa amekwisha kuzoeana na msimamizi wake mpya, nikamwombea heri. Barua ilifutwa. Kujua hakufutwi, na kwa sababu hiyo ulinzi wa siri hupasa kutangulia, kwani lalamiko hufuata nyuma ya madhara kama jivu nyuma ya moto.

Huenda msomaji angependa kujua ugonjwa ule ulikuwa gani. Amesoma hata hapa bila ya kuujua, na hoja haikumpotea. Walimu wenzangu nao wangaliweza kushika vipindi vyangu vivyo hivyo.