Breki za Hilux: shajara ya Kambove

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Hilux imeanza kulia. Si ule mlio mwembamba wa vumbi la kiangazi, unaokwisha dereva akikanyaga breki mara mbili tatu. Huu ni wa chuma kwa chuma, mbele kulia, na usukani unatetemeka kila gari linapoteremka kuelekea Likasi. Mpwa wangu, anayeliendesha, anasema ameshauzoea. Kesho haliendi popote. Unga wa wateja wa Likasi utangoja, au waje wenyewe kuufuata.

Jumanne, 7 Oktoba

Fundi amefungua magurudumu ya mbele uani, asubuhi kabla ya jua kali. Plaketi (pedi) ya breki ya ndani upande wa kulia imeliwa hadi kwenye bati lake. Ya nje bado ina milimita nne hivi. Akaniita nione. "Mama, hii pistoni inatokaka, lakini kurudia hapana." Mpira unaoikinga umechanika, vumbi limeingia na kuganda. Malori ya madini hayalali hapa, na vumbi lake halichagui nyumba wala pistoni.

Diski nayo. Ikiwa mpya ina unene wa milimita 25, na kiwanda kimeandika pembeni kikomo chake: 23. Kipimo cha fundi kimesoma 22 na kidogo. Ukingo wake wa nje umesimama kiasi cha kukwaruza kidole.

Papa jirani ametushauri tuipeleke kwenye karakana za Gécamines za Panda ikachongwe. Aliifanyia kazi kampuni hiyo ya madini tangu ujana, na kwake hakuna chuma kinachotupwa kabla hakijapita kwenye mashine za karakana zile. Namheshimu, lakini mashine ya kuchonga huondoa chuma, hairudishi, na hapa chuma ndicho kinachopungua. Hilux hii ikiwa na mzigo ni karibu tani tatu. Kuisimamisha mara moja kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa kunazaa joto la kuchemsha lita mbili za maji, na sehemu kubwa ya joto hilo inaingia katika diski mbili za mbele. Diski nyembamba haina pa kuliweka.

Nimeamua: diski mbili na plaketi zote nne za mbele, kwa pamoja. Plaketi mpya juu ya diski yenye mabonde inagusa vilimani tu, na inaisha kabla haijashika vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba. Lubumbashi

Nimekuja kwa basi la alfajiri, na plaketi kuukuu ndani ya mfuko wa plastiki, namba ya chesi imeandikwa kwenye jalada la daftari hili. Katika duka la kwanza kijana ananiambia Hilux ni Hilux. Si kweli. Ile yetu ilitoka Afrika Kusini, ikavuka Kasumbalesa usukani ukiwa kulia, na Hilux za miaka ile hazina diski za kipenyo kimoja. Nilipoomba tupime ndipo akaenda kuleta sanduku lingine.

Duka la pili lina kila kitu. Mwenye duka, mtu wa maneno mengi, amenitolea kwanza diski zenye matundu, zinang'aa kama sufuria za harusi. Anasema matundu yanapoza breki. Kwenye gari jepesi la kukimbia, labda. Kwenye gari la mizigo nyufa huanzia kwenye matundu hayohayo, na kwa barabara zetu yatajaa tope kabla ya Krismasi. Nimechukua diski za kawaida, nyuso laini, zenye nafasi ya hewa katikati.

Kwenye plaketi tumekaa muda mrefu. Anazo za seramiki: hazipigi kelele, hazichafui rimu, hazili diski upesi. Ningekuwa na gari la kwenda kanisani na kurudi ningezinunua. Mimi nateremka na magunia, breki zikipata moto mfululizo, na kwa kazi hiyo naamini zaidi zile zenye nyuzi za chuma ndani. Zitakula diski kiasi, lakini nimechagua zile.

Halafu nikageuza plaketi kusoma ubavuni. Kwenye mstari wa namba kuna herufi mbili: ya kwanza inaeleza msuguano breki ikiwa baridi, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G iko juu yake. Kwa hiyo FE maana yake inashika vizuri sokoni na kulegea mlimani. Mwenye duka hakuwahi kuzigeuza hivyo. Alinyamaza kwa mara ya kwanza. Sanduku moja, la bei ya chini ya nusu ya mengine, plaketi zake hazina herufi wala jina la kiwanda, ila karatasi imeandikwa kwamba hazina amianti, yaani asbesto. Zingekuwa za Afrika Kusini ningeamini, maana huko amianti ilipigwa marufuku mwaka 2008. Sanduku lisilo na jina halina wa kuulizwa, na karatasi inaandika chochote. Nimelirudisha.

Nimenunua FF. Pia mipira ya pistoni na mafuta ya breki ya DOT 4.

Usiku, kwa dada

Jambo moja linanichekesha, naliandika lisipotee. Baada ya FF kwenye plaketi zangu kuna herufi ya tatu, N. Maana yake plaketi hizi hazina zaidi ya nusu asilimia ya shaba. Miaka mingi viwanda vilichanganya shaba kwenye plaketi kwa sababu inasambaza joto haraka. Kisha Wamarekani wakagundua kwamba unga wake, breki zinaposuguana, unasombwa na mvua hadi mitoni na kuwadhuru samaki. Salmoni wanapoteza uwezo wa kunusa. Mwaka 2010 majimbo ya Washington na California yalipitisha sheria za kuipunguza hatua kwa hatua, na tangu Januari mwaka huu California haitaki plaketi mpya yenye zaidi ya hiyo nusu asilimia.

Basi mimi, wa Kambove, mji ambao reli ilifika mwaka 1913 kwa ajili ya shaba tu, nanunua breki zisizo na shaba kwa sababu ya samaki wa California. Sina ubaya na samaki wale. Lakini mto wetu Lufira nao una samaki.

Jumamosi, 11 Oktoba. Kambove

Siku nzima ya kazi. Nimemkataza fundi kupuliza vumbi la breki kwa kompresa kama alivyozoea, kwa hofu ya amianti. Ameliosha kwa maji na sabuni, akinung'unika. Pistoni iliyokwama imetoka, imesafishwa, imevikwa mpira mpya. Mafuta ya zamani yalitoka meusi. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani: DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzijoto 230, lakini ikishalowa inaweza kuchemka kwenye 155, na mafuta yakichemka mguu unazama hadi sakafuni.

Nilidhani tumemaliza. Fundi akasema tufungue na nyuma, kwa kuwa mafuta tunabadilisha kwa magurudumu yote. Huko hakuna diski, ni tamburi. Ndani, viatu vya breki ni kama vipya. Gari la umri huu, mzigo huu, na breki za nyuma hazijafanya kazi! Akalala chini ya gari, akakaa kimya, kisha akaita.

Kati ya pampu ya breki na magurudumu ya nyuma kuna valvu yenye mkono wa chuma ulioshikwa kwenye ekseli. Gari likibeba, bodi linashuka, mkono unasukumwa, valvu inaruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma. Likiwa tupu inapunguza, magurudumu yasifunge na kuteleza. Sasa, mwenye gari wa kwanza aliongeza majani ya springi, mawili kila upande. Bodi halishuki tena. Tani nzima inapanda, na valvu inaamini gari ni tupu. Miaka yote hii magurudumu ya mbele yamekuwa yakisimamisha gari karibu peke yake.

Ningeweza kununua plaketi bora kuliko zote Katanga na zingeisha vilevile.

Tumetoa jani moja kila upande. Fundi amerekebisha mkono wa valvu magunia yakiwa juu.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa, malori yakiwa machache, tumekwenda kuzoeza plaketi. Kutoka kilomita 60 kwa saa kushuka hadi 20, bila kusimama kabisa, kisha kuendesha kidogo zipoe, tena na tena. Ukisimama na kubana plaketi mpya zikiwa za moto zinaacha alama yake juu ya diski, na mtetemo unaanza. Watu husema diski imepinda, kumbe imepakwa. Mpwa aliona ni mchezo wa wazee. Aliendesha vizuri lakini.

Jumatatu, 20 Oktoba

Safari ya Likasi na mahindi, tani moja. Usukani umetulia. Kule chini nilidondosha maji kwenye magurudumu: ya mbele yalifuka mvuke, na ya nyuma, yaliyokuwa yakifika baridi, sasa yana moto.

Mpwa anataka majani ya springi yarudi. Wauza makaa wanamwambia gari limekuwa dhaifu, linainama. Zamani alikuwa akiwapakilia hadi juu ya kichwa cha gari na kulipwa zaidi. Nimemwambia kuongeza springi hakuongezi nguvu ya ekseli wala ya breki, kunaficha tu kwamba zimezidiwa. Hakukubali. Hana pa kuyapata, maana fundi ameyachukua kama sehemu ya malipo yake, na nasikia tayari yako chini ya Land Cruiser ya mtu wa Kakanda.